Kilima cha Batsinda hakiombi farasi

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, ulipomalizika, kijana mmoja motari, ndivyo tunavyowaita bodaboda hapa Kigali, alifika kibandani kwangu Batsinda. Tope la mtaro tuliokuwa tunauzibua lilikuwa bado limeganda kwenye buti zake. Alikuwa anaisukuma pikipiki kwa mikono ingawa injini ilikuwa nzima. Nilipomuuliza kulikoni, akasema hataki kuichosha kabla haijafanyiwa kazi. Kisha akatoa bahasha yenye fedha alizodunduliza kwa miezi minne, akaiweka juu ya meza yangu ya spana.

"Mzee, niongezee farasi."

Alikuja na orodha kabisa. Bloku ya cc 150 mahali pa ile ya 125. Kabureta yenye mdomo mpana zaidi. Chujio la hewa litolewe. Ekzosi itobolewe ndani ipate kupumua. Kisa chenyewe ni kwamba yupo mwenzake anayempita kila asubuhi wakipanda kutoka bondeni Nyabugogo kuja huku juu, tena akiwa na abiria mnene kuliko wake. "Ananipita bila hata kunguruma," alisema, na nikaona kwamba hilo la kutonguruma ndilo lililomuuma zaidi.

Nilimrudishia bahasha yake. Naandika leo kueleza kwa nini, maana vijana wenye orodha kama ile ni wengi, na mafundi walio tayari kuipokea bahasha ni wengi pia.

Mimi ni mzaliwa wa Biryogo, kule Nyamirambo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa muda mrefu kabla ya mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi ya nchi. Ufundi niliuokota Gatsata, katikati ya spea za magari, nikiwa mtoto wa kushika tochi na kuosha nati kwa petroli. Batsinda nilihamia baada ya familia zilizoondolewa mtaa wa Kiyovu ya maskini kuletwa kwenye nyumba mpya huku, mwaka 2008. Nyumba zilikuja Batsinda, vibarua vikabaki mjini. Katikati pana vilima, na anayemvusha mtu vilima hivyo kwa haraka ni motari. Palipo na motari, fundi hakosi kazi.

Kwa hiyo kilima hiki nakijua kwa sikio. Nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya mtu, namsikia motari anavyoshusha gia: ya nne, ya tatu, ya pili. Anayeshuka hadi ya kwanza namtarajia kibandani kabla wiki haijaisha. Karibu wote huja na neno lile lile, farasi, ilhali walichopungukiwa ni kitu kingine. Kilima kinaomba toki, yaani nguvu ya kuzungusha.

Mfikirie mama anayepandisha maji kutoka bondeni kwa dumu la lita 20. Uwezo wake wa kulinyanyua dumu lile na kupiga hatua ya kwanza, hiyo ndiyo toki. Hesabu ya maji aliyoyafikisha juu kabla jua halijazama, hiyo ndiyo farasi. Sasa yupo mwingine anayebeba kidumu cha lita tano na kukimbia nacho huku na huko kutwa nzima. Jioni hesabu yake inaweza kulingana na ya yule mama, hata kumzidi. Lakini mpe dumu lililojaa uone kama litatoka chini. Injini ni vivyo hivyo, kwa sababu farasi ni toki ikizidishwa kwa mizunguko. Ndiyo maana fundi mjanja anaweza kukuongezea farasi bila kukuongezea toki hata chembe; anaifanya tu injini izunguke kwa kasi zaidi. Kwenye barabara tambarare utamshukuru. Huku kwetu, ukiwa na abiria nyuma na gunia lake la viazi katikati yenu, injini iko kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika na farasi uliowanunua wanaishi kwenye 8,000. Hawatashuka kuja kukusukuma.

Kabureta pana ina hila hiyo hiyo. Petroli hufyonzwa na kasi ya hewa inayopita kooni mwa kabureta. Ukilipanua koo, hewa ya mizunguko midogo inapita kwa uvivu, haifyonzi sawasawa, na injini inakohoa pale pale unapoihitaji. Nimewaona vijana wakiungurumisha pikipiki zao zikiwa zimesimama, watu wakageuka kuwatazama, kisha kilimani wanapitwa na mzee mwenye pikipiki iliyotoka dukani hivyo hivyo. Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga, na walisema kabla hawajaisikia ekzosi iliyotobolewa.

Halafu yupo mwizi ambaye vijana hawamtaji kwa kuwa haonekani. Ni hewa ya Kigali. Tuko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huu hewa ni nyepesi. Kila pumzi ya injini inaingiza hewa pungufu, kwa kadiri ya asilimia 14, ukilinganisha na pumzi hiyo hiyo ikivutwa Mombasa au Dar es Salaam. Chukua injini ya Honda CG125, mama wa pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba watu Afrika Mashariki. Honda waliitoa mwaka 1976, wakiwafikiria watu kama sisi tunaobebesha kupita kiasi na kusahau kubadili oili. Tundu la silinda yake lina upana wa milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Ukipiga hesabu unapata cc 124. Hapa Kigali injini hiyo inavuta hewa ambayo huko pwani ingeitosha injini ya cc 107. Sasa ifunge bloku ya 150, yenye tundu la milimita 62. Umefika cc 149. Toa fungu la mwinuko, na unabaki na kama 128 za pwani. Yaani kijana wangu angetoa akiba ya miezi minne kununua, kwa chuma na gasketi, hewa ambayo bodaboda wa Kariakoo anaivuta bure.

Nilipomweleza hivyo, kijana alinikatiza: "Lakini mzee, si bado itakuwa zaidi ya niliyo nayo?"

Ni kweli, na sitamdanganya mtu. Bloku kubwa inaongeza toki pia, karibu sehemu moja kwa tano, ikiwa vitu vingine vyote vitaifuata. Kazi iko kwenye hiyo "ikiwa." Naijua kwa sababu iliwahi kuniponza.

Juu ya rafu yangu kuna pistoni iliyochubuka ubavu mmoja, alumini yake imeburuzika kama siagi iliyopakwa kwa kisu. Imekaa pale zaidi ya miaka kumi. Niliifunga kwa mikono yangu kwenye pikipiki ya motari aliyeinunua kwa mkopo. Nilimwekea bloku ya 150, nikatoa chujio, nikatoboa ekzosi. Kisha nikajiona mjuzi kuliko wenzangu: nikakumbuka hewa nyepesi ya Kigali, nikaweka jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli, kwenye kabureta ili petroli isizidi. Kila hatua ukiisimamisha peke yake ina hoja yake. Kwa pamoja zilimaanisha hewa nyingi, petroli kidogo, na moto mkavu unaochoma pistoni, huku oili ikiwa ile ile lita moja ya siku zote. Mwezi wa kwanza yule motari alikuwa mfalme wa kilima. Wa pili aliniletea wateja watatu. Wa tatu, akiwa anapanda na abiria, mafuta wazi mpaka mwisho, pistoni ikavimba ikashika ukuta wa silinda, na gurudumu la nyuma likajifunga. Mungu saidia walikuwa wanapanda. Wangekuwa wanashuka, leo nisingekuwa na ujasiri wa kuandika. Walichubuka magoti. Injini ilinoki, mkopo ukabaki. Nililipa nusu ya matengenezo. Nusu ya pili aliilipa yeye, kwa kukaa nyumbani wiki tano bila kazi.

Nikiitazama rafu hiyo humkumbuka Burt Munro, mzee wa New Zealand aliyeikazania pikipiki moja, Indian Scout ya mwaka 1920, karibu nusu karne nzima. Pistoni zake alizimimina mwenyewe kibandani. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, aliikimbiza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Marekani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 295 kwa saa. Naye alikuwa na rafu ya vyuma alivyovivunja, akaviita sadaka kwa mungu wa mwendo. Namvulia kofia. Lakini sadaka alizozitoa zilikuwa mali yake, uwanda ule hauna mtoto anayevuka na dumu, na nyuma yake hapakuwa na abiria. Pistoni yangu ilikuwa unga na karo ya watoto wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nilimwambia kijana aketi, tuangalie kwanza kile ambacho pikipiki yake ilizaliwa nacho. Buji, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita plagi, ilitoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Chujio lilikuwa limejaa vumbi jekundu. Nafasi za vali zilikuwa zimebana, cheni imekauka, breki ya nyuma inaburuza hata asipoikanyaga, na tairi lilikuwa na upepo nusu. Alikuwa anaomba farasi wapya wakati wale wa zamani amewafunga kamba miguuni. Nilisafisha chujio na kulirudisha mahali pake. Nikarekebisha vali na breki. Nikashusha jeti kwa namba moja, na safari hii ekzosi ni nzima na chujio lipo, kwa hiyo kipimo kina maana.

Mwisho nilimwonyesha kipande cha chuma kinachoenea kiganjani: sproketi ya mbele. Yake ilikuwa na meno 14, na ya nyuma 42. Maana yake ile ya mbele inazunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka yenye meno 13, inazunguka mara 3.23. Nguvu inayofika kwenye gurudumu imepanda karibu asilimia 8, katika kila gia, na injini haijafunguliwa hata nati moja. Gharama yake nayo haijifichi: kwa mizunguko iliyokuwa inakupa kilomita 80 kwa saa, sasa utapata 74, na cheni italika mapema kidogo. Nguvu ukiichota huku, inapungua kule. Hakuna fundi aliyewahi kulikwepa hilo. Ila hapa unajua unauza nini. Unauza kilomita sita za mwendo ambao mjini huna pa kuukimbizia, kwa sababu Sofia, kama tulivyoibatiza kamera ya barabarani, haulizi una farasi wangapi. Inakutumia faini tu.

Najua watakaonijibu kwamba motari hulipwa kwa safari, hivyo mwendo ndio ugali wake. Tupige hesabu pamoja. Safari ya kilomita nane kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa inachukua dakika 12. Kwa wastani wa 50, dakika tisa na nusu hivi. Dakika mbili na nusu hizo utazimaliza ukimtafuta abiria mwingine, au ukisubiri anayefunga kamba za kofia yake. Upande wa pili wa mizani kuna breki. Ukitoka kilomita 60 kwenda 75 kwa saa, breki zinatakiwa kumeza nguvu zaidi ya mara moja na nusu, na breki ni zile zile za kiwandani zilizopimwa kwa injini ya kiwandani. Katika miaka yangu yote hapa hajawahi kuja kijana na bahasha akaniambia, "Mzee, niongezee breki."

Turudi kwa yule anayempita bila kunguruma. Nilimuuliza kijana pikipiki ile ni ya aina gani. Akatazama chini.

"Ya umeme."

Nilicheka hadi spana ikanidondoka, kisha nikajirudi, maana lilikuwa jambo la kufundishia. Mota ya umeme inatoa toki yake kubwa tangu gurudumu likiwa halijajongea. Haisubiri mizunguko 8,000. Na kwa kuwa haivuti hewa, mwinuko wa Kigali hauinyang'anyi kitu. Yule mwenzake hakukishinda kilima kwa farasi wengi. Alikishinda kwa kuwa na nguvu inayofaa, mahali panapofaa. Jina la mtaa wetu kwa Kinyarwanda husomeka "wanashinda," na vijana hupenda kulitania wakishindana kupanda. Basi anayeshinda kilima chetu sasa hivi ni toki, na anakishinda kimyakimya.

Na hili la umeme ndilo linalonifanya niandike sasa nisingoje. Kampuni ya Ampersand ilianza kuziingiza barabarani Kigali pikipiki zake za kubadilisha betri mwaka 2019, na mwaka huo huo Rais Kagame aliwaambia wazi motari kwamba za petroli zitaondolewa hatua kwa hatua. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria hapa Kigali. Zilizokuwepo zinaendelea na kazi. Tafakari maana yake kwa mtu aliye kibandani. Motari mwenye petroli hawezi tena kuua injini leo na kesho akaingiza nyingine mpya kazini. Hiyo aliyo nayo ndiyo ya mwisho ya aina yake. Itazeeka mikononi mwake, na kadiri inavyozeeka ndivyo itakavyompungukia nguvu, na kadiri inavyompungukia ndivyo atakavyozidi kutamani kupasuliwa bloku. Kazi ya fundi katika miaka hii ni kuivusha injini hiyo hadi mwenyewe apate uwezo wa kuhamia kwenye umeme. Anayemuuzia farasi anamuuzia safari fupi.

Kwa wenzangu mafundi, naomba kitu kimoja: mteja akija na orodha, mwonyesheni kwanza buji yake na sproketi yake. Kama baada ya hapo bado anataka bloku kubwa, mwambieni bei yote, pamoja na oili, breki na wiki tano za kukaa nyumbani.

Kwa vyama vya ushirika vya motari: pikipiki inapokaguliwa, tazameni kama chujio lipo na ekzosi ni nzima kabla ya kutazama rangi ya jaketi. Pikipiki isiyo na hivyo viwili imekwisha kuuza uhai wake kwa makelele.

Na kwa vyuo vyetu vya ufundi, kama kile cha Kicukiro tulichokizoea kwa jina la IPRC Kigali: tuandalieni sisi wa vibandani masomo ya jioni. Tufundisheni jeti na mwinuko kwa vipimo, tuache kukisia kwa kunusa moshi. Wekeni siku moja kwa mwezi ambayo kijana ataleta pikipiki yake ipandishwe kwenye mashine ya kupima nguvu, kabla na baada ya ufundi, aone kwa macho yake farasi wake wanaishi mizunguko mingapi. Wenye kiu ya mwendo wapewe uwanja uliofungwa, Jumapili, bila abiria na bila mtoto anayevuka. Sitaki kuiua kiu hiyo. Kijana aliyeandika orodha ile alikuwa ameuliza na kusoma, na nusu ya aliyoyasoma yalikuwa sahihi. Huyo ni fundi anayeota. Akikosa wa kumwelekeza, ataota kwenye pikipiki za watu, kama nilivyofanya mimi.

Alipokuwa anaondoka nilimpa ile pistoni aishike. Aliigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mchubuko, akauliza ilikuwa ya nani. Nilimwambia ilikuwa ya mteja. Hakuuliza zaidi.

Wiki iliyofuata nilikuwa chini ya pikipiki ya mtu nilipomsikia akipanda. Ya nne. Ya tatu. Ya pili, akakaa hapo hapo mpaka sauti ikaishia juu. Muda mfupi baadaye kivuli kikapita barabarani bila mlio, nikajua ni nani. Bado anampita. Lakini jioni nilimwona kijana akishuka taratibu na abiria nyuma, tairi la nyuma jipya na breki mpya, vyote vimenunuliwa kwa fedha ya bloku.